Redio ya Kwanza: Mwongozo wa Kuanza Kukusanya Redio za Kale Hapa Mombasa

Redio yangu ya kwanza ya kale niliiunguza siku ileile niliyoileta nyumbani.

Ilikuwa Philips ya mbao, imekaa juu ya kabati la nyumba moja ya Kibokoni miaka mingi bila kuguswa. Bi mkubwa aliyeniuzia, mjane, alisema haijatoa sauti tangu mvua za El Niño, yaani 1997. Niliipakata kwenye tuktuk kama mtoto mchanga, nikafika, nikaifuta vumbi, nikaichomeka. Kioo cha stesheni kikawaka rangi ya asali na majina yakajitokeza: London, Hilversum, Beromünster, Roma. Moyo ulinijaa. Kisha nikasikia mngurumo, nikanusa nta inayoungua, na moshi ukatoka mgongoni. Dakika tatu hazikutimia. Fundi aliyeifungua baadaye alinionyesha chanzo: kapasita kuukuu chache, vile vipande vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda ndani ya redio, vitu vya bei ndogo ambavyo angevibadilisha jioni moja. Kwa kuwa niliiwasha, zilikwenda na transfoma.

Ukisahau mengine yote nitakayoandika hapa, shika hili: redio iliyolala miaka haichomekwi ili "tuone kama yafanya kazi". Muuzaji akikwambia tuijaribu, mshukuru, mwambie utaichukua kama ilivyo.

Chagua uanzie aina gani

Redio za valvu ndizo kongwe. Ndani yake mna chupa nyembamba za kioo zenye uzi unaowaka mwekundu kama kaa la mwisho jikoni. Ukiiwasha haisemi papo hapo. Hungoja ipate moto, kama nusu dakika, ndipo sauti ije taratibu kama mtu anayekaribia kutoka mbali. Majina ya kuyatafuta ni Philips, Pye, Murphy, Bush, Ekco, Grundig, Telefunken. Nyingine zina sanduku la mbao, nyingine la bakelaiti, ile plastiki nzito ya kahawia iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ambayo ukiigonga kwa kucha hulia kama kigae.

Kisiwa chetu kilipata umeme mapema. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa hapahapa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, nayo ikawa mwanzo wa Mombasa Electric Power and Lighting Company. Ndiyo sababu kwenye nyumba za Mji wa Kale unaweza kukuta redio za valvu za kuchomeka ukutani. Ukivuka Likoni ukaelekea Kwale, au ukapita Kisauni kwenda Kilifi, umeme ulichelewa kufika, na huko tafuta zile za betri. Redio ya valvu ya betri ilitumia betri mbili: ndogo ya volti moja na nusu ya kuwashia nyuzi, na kubwa ya volti 90 hivi ya kuendeshea sauti. Betri hizo kubwa hazipatikani tena dukani. Wakusanyaji huunganisha betri kumi za volti 9 mfululizo, na huangalia mara mbili kabla ya kufunga waya, maana volti 90 zikipelekwa kwenye nyuzi, valvu zote hufa kwa mpigo mmoja.

Katika jamii hiyo ya betri kuna moja yenye hadithi ya Afrika hasa. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ilitengeneza redio ndogo ya duara, ya buluu, kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Aliyeisukuma kazi hiyo alikuwa Harry Franklin, ofisa wa habari huko Lusaka, aliyetaka redio ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Sanduku lake lilikuwa na umbo la sufuria, na jina lake likawa Saucepan Special. Iliuzwa pauni 5, na betri yake pauni moja na shilingi tano. Ukikutana nayo, hata ikiwa ganda tupu, usiiache.

Kisha kuna redio za transista, zile za mawe, ambazo badala ya valvu zina vipande vidogo visivyohitaji kupata moto. Ya kwanza kuuzwa madukani ilikuwa Regency TR-1 ya Marekani, mwishoni mwa 1954, yenye transista nne na bei ya dola 49.95. Miaka michache baadaye Wajapani wakazijaza dunia, na redio ikashuka kutoka juu ya kabati ikaenda begani, shambani, mashuani.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: nunua ya transista kwanza. Haina volti za kukuua, mawe yake bado yapo kila duka, na ukikosea unajifunza kwa hasara ndogo. Tena usiidharau kwa kuwa ni ya karibuni. Angalia ndani ya mfuniko wa mawe. Philips walikuwa na kiwanda Arusha, na National walikuwa na chao Dar es Salaam. Redio iliyoundwa na mikono ya watu wa hapa, mimi naithamini kuliko Grundig iliyoletwa na meli kutoka Ujerumani, ijapokuwa sokoni bei inasema kinyume.

Tafuta kwa watu kabla ya kutafuta kwa wauzaji

Anza kwenu. Uliza mashangazi, uliza ami zako, uliza yule jirani ambaye nyumba yake ina ghala juu. Wauza vyuma chakavu wa Mwembe Tayari na Kongowea watakuja baadaye. Kwao redio hufika ikiwa imeshang'olewa shaba, na huna wa kukwambia ilikuwa ya nani. Kwa watu unapata redio pamoja na maisha yake.

Lakini kuna adabu yake. Usiingie nyumba ya mtu ukaelekeza kidole juu ya kabati ukauliza bei. Kaa barazani. Kahawa ikija, kunywa. Anza kwa kuuliza walikuwa wakisikiliza nini.

"Salaam aleikum, ami. Umeshindaje?"

"Wa aleikum salaam, mwanangu. Karibu kitako."

"Ami, ile redio ya marehemu babu, yasema bado?"

"Yaseme wapi! Ule sasa ni mzigo wa mbao. Lakini enzi zake, barazani hapa watu walikuwa hawapati pa kukaa."

Hapo mlango umefunguka, na sasa nyamaza usikilize. Wazee wa hapa wana mengi. Wapo wanaoikumbuka Sauti ya Mvita, stesheni yetu wenyewe ya Mombasa, ya zama za ukoloni. Wapo walioitegea Cairo usiku, ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954 na kuwachambua Waingereza bila kuwaogopa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 27, 1957. Wengine watakusimulia walipokuwa Agosti 22, 1978, Mzee Kenyatta alipofariki hapahapa Mombasa na habari ikaja kwa Sauti ya Kenya. Au asubuhi ya Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walipoiteka stesheni na nchi nzima ikawa imeinamia spika. Muulize kila mmoja: redio ilikuwa wapi? Nani alikuwa akiishika? Watoto waliruhusiwa kuigusa? Andika. Nitarudi kwenye daftari hili.

Jambo moja zito. Redio ya marehemu ni mali ya mirathi. Yule mjane au kijana anayekuuzia huenda si mrithi peke yake. Uliza waziwazi: wengine wamekubali? Nimewahi kuirudisha Pye nzuri sana kwa sababu binti aliyekuwa Lamu hakujua kwamba redio ya babake imeuzwa. Iliniuma, lakini nisingeweza kuitazama rafuni kwangu kila siku nikijua hivyo. Baada ya mwaka mmoja yule binti mwenyewe aliniletea.

Ikague ikiwa imezimwa

Nyumba njema si mlango. Sanduku linalong'aa si kitu mpaka umefungua mgongo. Nenda na bisibisi, tochi na, ukiweza, mita ndogo ya mkononi ya kupimia volti. Omba ruhusa, hakikisha haijachomekwa, kisha fungua.

Soma majina ya valvu. Yameandikwa juu ya kioo chenyewe, au kwenye karatasi iliyobandikwa ndani. Usiyasugue kwa kidole, maana wino wake hutoka ukabaki hujui ni valvu gani. Kwa redio za Ulaya, herufi ya kwanza hukwambia karibu kila kitu unachohitaji siku hiyo.

Ikiwa ni E, kama ECH81, EF89, EABC80, EL84, nyuzi zake zinatumia volti 6.3 na mara nyingi redio ina transfoma inayoitenga na umeme wa ukutani. Hiyo ndiyo ya kuanzia.

Ikiwa ni U, kama UCH81, UL84, UY85, simama. Hiyo iliundwa ifanye kazi popote, iwe umeme wa AC, unaogeuka-geuka kama huu wa ukutani, au wa DC, unaokwenda upande mmoja kama wa betri, na aghalabu haina transfoma hiyo. Bati lake la ndani limeungana moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Plagi ikikaa vibaya, bati zima lina volti 240, na hata ile skrubu ndogo inayokaza nobu inaweza kukutupa chini. Ni redio nzuri za kuweka rafuni, lakini usiiwashe mpaka uwe na fundi anayezijua na transfoma ya kutenganisha. Philips walisaidia kwa kuweka alama mwishoni mwa namba ya modeli: A ni ya AC pekee, U ni ya yote mawili, B ni ya betri.

Ikiwa ni D, kama DK92, DF91, DAF91, DL94, ni ya betri.

Valvu hizohizo zitakuokoa na bei za uongo. Muuzaji atakwambia ni ya wakati wa Vita vya Pili. Ukiona EL84 ndani, haiwezi, kwa sababu valvu hiyo ilitoka 1953. Ukiona ECH42 na EL41, hiyo ni ya mwisho wa miaka ya 1940 au mwanzo wa 1950. Ukiona mstari wa FM kwenye kioo, ambao redio za Kijerumani huuandika UKW, ni ya baada ya 1949, mwaka ambao Ujerumani ilianza kutangaza kwa FM. Sina maana umwite muuzaji mwongo. Mara nyingi naye aliambiwa hivyo. Lipa tu bei ya redio iliyo mbele yako.

Tazama pia kioo cha stesheni. Redio yenye mawimbi marefu ilikusudiwa wasikilizaji wa Ulaya, huenda ilikuja kwenye mizigo ya mtu. Yenye mikanda mitatu minne ya masafa mafupi iliundwa kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako stesheni zilikuwa mbali. Na ukiipata Zenith Trans-Oceanic, ile ya Marekani inayofungwa kama mkoba, kumbuka kwamba kwa kawaida ni ya volti 117. Umeme wetu ni 240. Hata za Ulaya nyingi zina kigurudumu cha kuchagua volti nyuma. Hakikisha hakijakaa kwenye 110 au 127.

Halafu pima kwa akili kipi kinapatikana na kipi hakipatikani. Kapasita, waya, uzi wa kuvutia mshale, fyuzi: vyote vinanunulika. Valvu nyingi pia bado zipo kwa wauzaji wa Ulaya na huja kwa posta zikiwa zimefungwa vizuri. Lakini nobu asilia, mgongo wake, nembo, na zaidi ya vyote kioo chenye majina ya miji, hivyo ukivikosa umevikosa. Kioo kilichovunjika hakina fundi. Mimi hununua redio bubu yenye kioo kizima kabla ya redio inayolia yenye kioo cha kuungwa kwa gundi.

Zile zenye jicho la kijani, valvu kama EM34 au EM80 inayofumba na kufumbua kadiri unavyoikaribia stesheni, uziulizie hali ya jicho. Huchakaa na kufifia, na mpya yake si rahisi. Hata hivyo jicho lililofifia likiwaka gizani lina uzuri wake.

Kabla ya umeme

Hapa ndipo ninapotaka uchukue muda wako wote.

Hatari ya kwanza ni kwako mwenyewe. Redio ya valvu ya kuchomeka ukutani ina volti kati ya 150 na 300 ndani yake, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Usiingize mkono. Kama hujawahi kufanya kazi ya umeme, hatua zifuatazo mpe fundi, wewe usimame kando uone.

Tafuta fundi mtu mzima. Vijana wanaotengeneza simu wana macho na mikono ya ajabu, lakini wengi hawajawahi kushika valvu. Uliza nani alikuwa akitengeneza redio na televisheni za zamani. Kila mtaa una wake, hata kama amefunga kibanda na sasa anakaa msikitini muda mwingi. Kabla hajashika bisibisi mwambie jambo hili: "Mzee, nataka ibaki vilevile ilivyoundwa." Ukikaa kimya anaweza kukusaidia kwa namna anayoiona ni wema: kung'oa kila kitu ndani, akatia kibao cha kisasa cha FM chenye USB na bluetooth. Redio itapiga kelele, na itakuwa imekufa. Nimeziona za namna hiyo, na haziwezi kurudi.

Kazi huenda hivi. Waya wa umeme wa zamani hubadilishwa bila mjadala, maana mpira wake umeshakauka na kupasuka. Plagi iwe na fyuzi ya ampia 3, isiwe ile ya 13 inayokuja nayo dukani. Kisha kapasita. Zile za karatasi na nta, zilizo kama vipande vya chaki, hunywa unyevunyevu, na kwa Mombasa zimekunywa miaka sitini. Muhimu kuliko zote ni ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho, iwe EL84 au nyingine. Ikivuja hata kidogo, valvu hiyo huvuta umeme kupita kiasi, inaungua, na inaweza kwenda na transfoma ya spika. Hiyo hubadilishwa hata kama inaonekana nzima. Baada yake zije zile kubwa za bati zinazolainisha umeme, ambazo dawa yake ya ndani hukauka. Mpya ziwe za volti zilezile au zaidi. Baadhi ya redio pia zina kipande cha bapa chenye mabati yaliyopangwa kama vitabu, cha seleni. Kikiungua moshi wake ni sumu, kwa hiyo fungua dirisha na umwambie fundi akiangalie mapema.

Zile kapasita kuukuu usitupe. Zitie kwenye bahasha, andika namba ya redio, weka ndani ya sanduku. Atakayeirithi redio atajua nini kilitolewa.

Sasa ndipo redio iwashwe mara ya kwanza, na hata hapo si moja kwa moja. Fundi huunga balbu ya kizamani ya wati 60, yenye uzi ndani, mfululizo na redio. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Umeme ukipitia balbu, yenyewe inakuwa mlinzi: ikimweka kwa nguvu halafu ikafifia, redio ina afya, ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, ndani kuna kasoro, na balbu imebeba mzigo ambao ungekwenda kwenye transfoma. Balbu moja tu. Ningekuwa nayo siku ile ya Kibokoni!

Kwa redio za transista mambo ni mepesi. Safisha kutu ya mawe kwa siki na mswaki, kausha vizuri. Nyingi za zamani zina upande chanya uliounganishwa na bati, kinyume cha tunavyozoea leo, kwa hiyo usigeuze nyaya za betri. Na ikiwa ni ya Ulaya ya miaka ya 1960 na imenyamaza upande wa kupokea stesheni, fundi aangalie transista za AF114 hadi AF117. Ndani ya kikopo chake huota nyuzi nyembamba za bati kama nywele, zikagusana. Mara nyingine kukata mguu mmoja, ule wa kikopo, kunairudishia uhai.

Hewa ya bahari

Mtu wa Nairobi anaweza kuweka redio sebuleni akaisahau. Sisi hatuwezi. Chumvi na unyevunyevu vinaila kila siku, hasa wakati wa kusi na mvua za masika.

Usiiweke ukuta unaotazama bahari, wala sakafuni, wala dirishani. Usiifunike kwa nailoni. Itatoka jasho na kuota ukungu. Kitambaa cha pamba, hata leso iliyochakaa, kinatosha. Tia ndani vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe. Na redio iliyotengenezwa iwashe kila baada ya wiki moja au mbili kwa saa moja: joto la valvu lenyewe hufukuza unyevunyevu.

Joto hilohilo huwaita mijusi kafiri. Huingia kwa matundu ya mgongo, hutaga, na mmoja akikatiza sehemu yenye umeme mkubwa huzima vyote viwili. Weka wavu mwembamba kwa ndani, lakini usizibe matundu.

Ukiona unga mpya chini ya matundu madogo ya mbao, wadudu bado wamo. Itenge siku hiyohiyo. Mimi hutoa kila kitu ndani, nikafunga sanduku tupu kwa nailoni, nikalitia kwenye friza wiki mbili, kisha nikaliacha lipate joto la chumba kabla ya kulifungua ili umande utue nje ya nailoni na si kwenye mbao.

Usafi: brashi laini kavu kwanza, halafu kitambaa kilichokamuliwa kabisa, halafu nta kidogo. Mafuta ya nazi, najua mkono utakwenda huko, hapana. Huvunda na kushika vumbi. Na kioo cha stesheni kifute upande wa mbele tu. Yale maandishi yamepakwa rangi upande wa ndani, na kitambaa chenye maji kikipita mara moja, London na Cairo huondoka pamoja.

Sikiliza, uandike

Redio ikishapona, itandikie waya wa eriali wa mita kama kumi, juu kadiri unavyoweza, mbali na chaja za simu na taa za LED kwa sababu hizo hutia kelele. Ikiwa ina FM, usishangae stesheni nyingi za hapa kutopatikana. Kioo cha FM cha redio za kale kinaishia 100 au 104, na zetu zinakwenda hadi 108.

Masafa mafupi yangojee magharibi. Mchana tabaka la chini la anga linalochangamshwa na jua humeza mawimbi mengi. Jua likizama tabaka hilo hupotea, na sauti za mbali huanza kuingia, kwenye mkanda wa mita 31 na ule wa 49. Zungusha nobu taratibu sana. Utapita miluzi, utapita Kiarabu, Kichina, muziki usioujua. Ni jioni ninazozipenda kuliko zote.

Nyingi pia zina tundu mbili nyuma za kuchomekea gramafoni. Kama ni ya E na fundi amethibitisha kuna transfoma, anaweza kukutengenezea waya wa kuunga simu yako, ukasikiliza taarabu kwa spika ya 1955. Ya U kamwe usiiunge na kitu chochote unachokishika.

Daftari liwe na namba ya redio, modeli, valvu zake, tarehe uliyoipata, kilichobadilishwa, na zaidi ya yote maneno ya aliyekupa, kama alivyoyasema. Redio tatu zenye daftari zinanitosha kuliko thelathini zisizo na jina, na nakushauri mwaka wa kwanza usivuke tatu. Ukitaka kujua zaidi kuhusu modeli yako, Radiomuseum ina picha na michoro ya maelfu ya redio mtandaoni.

Na ukiweza, irudishe redio ikasikike kwa aliyekupa. Ile Philips ya Kibokoni nilihifadhi kila kipande chake. Ilichukua miaka miwili kumpata fundi wa kuizungushia transfoma waya upya, mtu wa mota za pampu aliyekubali kujaribu. Ilipopona niliibeba kwa tuktuk tena, nikaiweka juu ya kabati lilelile, nikaiwasha, tukangoja ipate moto. Sauti ikaja. Bi mkubwa alikuwa jikoni. Alitoka akiwa ameshika mwiko, akasimama mlangoni muda mrefu.

"Punguza, mwanangu," akasema. "Yeye hakuwa akiiweka juu hivyo."